Kiarabu cha Wavuvi wa Yiti

Nyumbani kwa shangazi yangu, Maskati, Kiarabu hukisikii sana. Asubuhi ni shikamoo, jioni ni umeshakula, na majirani wanaokuja kubarizi walizaliwa Unguja, Pemba au Mombasa. Wapo waliofika baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na wengine baada ya Sultan Qaboos kushika utawala Julai 1970 na kuwaita Waomani wa ng'ambo warudi kuijenga nchi. Kiswahili wamekitunza vizuri, nami nakifurahia, ila kwa mtu aliyekuja kujifunza Kiarabu hapo ndipo penye uzito. Kurani naisoma tangu nilipokuwa chuoni, sarufi naijua kiasi, mazungumzo sina. Dukani nikisita kidogo tu, muuzaji ananihamishia Kiswahili au Kiingereza.

Ndipo nikaamua kwenda Yiti, kijiji cha wavuvi kusini-mashariki mwa mji, mahali ambapo sina jamaa wa kunifasiria.

Barabara inapita katikati ya milima mitupu, ya rangi ya kahawia iliyoungua. Wanajiolojia wanasema sehemu kubwa ya miamba hiyo ilikuwa sakafu ya bahari, ikasukumwa juu ya nchi kavu mamilioni ya miaka iliyopita. Kwa mtu aliyelelewa chini ya minazi na mikarafuu, ukavu ule unatisha. Halafu ghafla mitende, nyumba nyeupe, hori lenye kulastara waliosimama majini, na bahari. Upande mmoja palikuwa pakijengwa mji mpya uitwao The Sustainable City – Yiti. Mimi nikashika njia ya ufukweni.

Mzee mmoja alikuwa akitengeneza gargur, mtego wa waya wenye umbo la kuba; kazi yake ndiyo ya dema letu. Nikamtolea salamu, nikamwita ammi. Akaniuliza hali, akauliza watu wa nyumbani, akauliza kama kuna jipya, nami nikajibu hakuna ila heri, kwani ndivyo jibu la kwanza linavyotakiwa kuwa hata kama habari unazo tele. Utaratibu huo ninaujua tangu kwetu. Nikajikuta nimekwisha kuzungumza Kiarabu kabla sijapata nafasi ya kuogopa.

Alisema haraka, irabu akizimeza. Mimi nilijibu kwa Kiarabu cha vitabu, naye akanielewa bila taabu, maana ndicho anachokisikia kila Ijumaa kwenye hotuba. Ugumu ulikuwa kwangu mimi kumwelewa yeye. Hakunicheka. Aliinua samaki, akataja jina, akangoja nilirudie: kanad, ambaye ni nguru, jaidhar, ambaye ni jodari. Wenzake wakaja, kila mmoja na neno lake la chombo, la wavu, la upepo.

Waliposikia natoka Zinjibar, mkeka ukatandikwa. Zikaja tende, kisha kahawa ya iliki katika vikombe vidogo visivyo na mkono. Ukitosheka unakitikisa kikombe, la sivyo mmiminaji anaendelea. Mzee akasimulia majahazi ya enzi za babu zake, yaliyoteremka Unguja na kaskazi na kurudi na kusi. Sikupata kila neno. Kisa nilikipata chote, na katika masomo yangu yote hakuna siku iliyonifaa kama ile.

Vijana wetu wengi, hasa wasichana kutoka Tanzania, Kenya na Uganda, wanakwenda Oman kufanya kazi za nyumbani, na aliyesoma chuo cha Kurani anacho Kiarabu cha ibada tu. Naomba wazazi na mawakala wanaowasafirisha wawape kwanza Kiarabu cha kusemwa: cha kuomba maji, kueleza maradhi, kudai mshahara. Na wewe unayekwenda kuwazuru jamaa zako Maskati, ukitaka lugha, toka mjini uende kwa wavuvi.