Nyumba ya Dhahabu ya Nero na Majumba ya Gbadolite

Mahujaji wetu waendao Roma hushika njia ile ile: kwanza kaburi la Mtume Petro, kisha makanisa makubwa, na mwisho Colosseum, ambako hupiga picha wapate kuwaonyesha jamaa nyumbani. Nasi tulishika njia hiyo. Lakini mwendo mfupi tu kutoka Colosseum, katika mteremko wa kilima kiitwacho Oppio, pana mlango wa kuingilia chini ya ardhi ambao wengi huupita pasipo kuutazama. Hapo ndipo ilipo Domus Aurea, maana yake Nyumba ya Dhahabu. Ni nyumba ya Kaisari Nero, yule yule ambaye, kwa mapokeo ya Kanisa, Petro aliuawa siku za utawala wake.

Kabla ya kushuka, kila mgeni huvikwa kofia ngumu, kama zile za watu wa migodi ya Katanga. Chini mna baridi na unyevu hata siku ya jua kali. Vyumba vyafuatana, virefu kwenda juu, giza tupu. Kiongozi wetu alipoinua taa tukaona darini ndege, majani na sura za watu zilizofifia. Tulifika katika ukumbi wa pembe nane wenye tundu la mviringo katikati ya dari, na mwanga ukaingia humo kama maji yamwagwavyo. Hatukuona chembe ya dhahabu. Iliondolewa zamani, pamoja na marumaru.

Habari yake ni hii. Mwezi wa Julai mwaka 64 moto uliunguza sehemu kubwa ya Roma. Haki ni haki: waandishi wa kale wasema kwamba Nero aliwafungulia waliounguliwa bustani zake wapate kulala, na akapunguza bei ya ngano. Lakini moto ulipozimika alitwaa ardhi iliyokuwa wazi katikati ya mji, kati ya vilima vya Palatino, Esquilino na Celio, akajijengea. Akachimba ziwa mahali palipokuwa na mitaa ya watu. Akaweka mashamba, mizabibu na wanyama, kana kwamba mji ni shamba lake. Mbele ya nyumba akasimamisha sanamu yake ya shaba, ya urefu upitao meta 30.

Fedha zilitoka wapi? Majimbo ya dola yalikamuliwa, mahekalu ya Ugiriki na Asia yakavuliwa vyombo vyake. Tena, mwaka ule ule wa 64, serikali ilipunguza fedha halisi ndani ya sarafu iitwayo denarius. Mtu alikwenda sokoni na sarafu yenye sura ile ile ya Kaisari, lakini uzito ulikuwa umepungua mkononi mwake.

Sisi Wakongo hatuhitaji kufafanuliwa sana jambo la fedha zinazopungua mkononi. Mwishoni mwa mwaka 1992 serikali ya Zaire ilitoa noti ya zaire milioni 5. Mwezi wa Januari 1993 askari wa Kinshasa walilipwa mshahara kwa noti hizo, na wafanya biashara wakazikataa. Askari wakaasi wakapora mji. Watu wengi walikufa, hata balozi wa Ufaransa. Kabla ya mwaka kwisha ikaletwa zaire mpya, moja kwa milioni 3 za zamani. Na Rais aliyetawala siku hizo, Mobutu, alikuwa naye na nyumba yake ya dhahabu. Hiyo tulikuwa tumekwisha iona miaka kadhaa kabla ya kwenda Roma, na ndiyo iliyotufanya tusimame kitambo kirefu katika ukumbi ule wa pembe nane, hata kiongozi akatuita.

Gbadolite ni mji wa kaskazini, karibu na mto Ubangi. Hapo zamani palikuwa kijiji kidogo. Mobutu alitwaa madaraka tarehe 24 Novemba 1965, na katika karibu miaka 32 ya utawala wake alikigeuza kijiji cha jamaa zake kuwa mji wa kifalme: uwanja wa ndege wenye njia ipitayo kilometa 3, kusudi hata Concorde iweze kutua, bwawa la umeme huko Mobayi, na majumba, moja katika mji, jingine juu ya kilima cha Kawele, na nyumba nyingine zilizojengwa kwa mtindo wa Kichina. Wakati huo walimu wa shule za vijiji, kutoka Kivu hata Kasai, walingoja mishahara isiyofika.

Tulipanda Kawele kwa miguu. Langoni vijana walitudai fedha kidogo kabla ya kutupitisha. Tukatoa, ingawa tulijua wazi kwamba hazitaandikwa katika daftari lolote. Ndani hamna dirisha wala mlango. Vigae vya marumaru vimeng'olewa, nyaya za umeme zimevutwa kutoka ukutani, mabomba yamekatwa. Mabwawa ya kuogelea hayana maji, na majani yameota katika nyufa zake. Mobutu alipokimbia mwezi wa Mei 1997, waporaji wa kwanza walikuwa askari, kisha wakaja raia, kisha majeshi ya vita vilivyofuata. Hatuwezi kuwalaumu sana watu wa pale. Mtu aliyengoja miaka mingi huweza kuutazama mfereji wa maji wa Rais na kuuona kuwa ni mshahara wake uliochelewa.

Sasa, wasomaji, tazameni jinsi Roma ilivyofanya. Nero alijiua mwezi wa Juni mwaka 68. Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe akatawala Vespasianus, mzee wa jeshi, bahili, mtu asiyeona haya kutoza ushuru hata juu ya mkojo waliokusanya mafundi wa nguo na ngozi. Hakuwa malaika. Walakini alilikausha ziwa la Nero, na mahali pake akaanza kujenga kiwanja cha michezo ya watu wote, yaani Colosseum yenyewe, ambayo mwanawe Titus aliizindua mwaka 80. Karibu yake Titus akajenga bafu za watu wote. Halafu Kaisari Trajanus akajaza udongo katika vyumba vya Nero, na juu yake akajenga bafu nyingine, kubwa zaidi, zilizofunguliwa mwaka 109. Udongo huo ndio uliozihifadhi picha tulizoziona. Katika karne ya 15 wachoraji wa Italia walijishusha kwa kamba katika mashimo ili wazitazame, na baadaye Raffaello naye akashuka. Ardhi aliyoitwaa mtu mmoja ilirudishwa kwa mji.

Tungeweza kuishia hapo, tukawasifu Warumi. Lakini hatua chache kutoka Colosseum lasimama tao la Titus, na juu yake wamechongwa askari wanaobeba kinara cha Hekalu la Yerusalemu, mji walioubomoa mwaka 70. Colosseum ilijengwa kwa mali za vita hivyo. Na ndani yake watu waliuawa ili wengine wachekelee. Kwa hiyo raia wa Roma alirudishiwa haki yake kwa mali ya Myahudi. Hapo ndipo tulipoona kwamba sisi Wakongo, tunapopenda kuwafananisha watawala wetu na Nero, twasahau kuuliza nafasi yetu wenyewe ni ipi katika hadithi hiyo. Hatukuwa Roma. Tulikuwa Sicilia.

Kisiwa cha Sicilia kilitawaliwa na Verres tangu mwaka 73 hata 71 kabla ya Kristo. Alinyang'anya ngano, sanamu za mahekalu, vyombo vya fedha vya mezani. Roma ilikuwa na baraza la kuwahukumu watawala wa namna hiyo tangu mwaka 149 kabla ya Kristo, lakini waamuzi walikuwa wakuu wenzao. Cicero alimshtaki kwamba alijigamba kuyagawa mapato ya miaka yake mitatu: ya mwaka mmoja yake mwenyewe, ya mwaka wa pili ya mawakili, ya mwaka wa tatu ya waamuzi. Kwetu tungeyaita maharagwe ya watoto. Cicero alikwenda Sicilia akakusanya mashahidi na hati kwa siku 50 tu. Kesi ilipoanza mwaka 70, Verres aliona ushahidi, akakimbilia Marseille kabla ya hukumu, akaishi huko miaka mingi.

Katika pwani ile ile ya kusini mwa Ufaransa, pale Roquebrune-Cap-Martin, Mobutu alikuwa na jumba. Na Uswisi alikuwa na jingine, katika kijiji cha Savigny. Mwaka 1997 serikali ya Uswisi ilizifunga fedha zake zilizoonekana katika benki za huko. Ikangoja nchi yetu ilete mashtaka yenye nguvu. Ikangoja miaka 12. Mwaka 2009 mahakama ya Uswisi ikaamua kwamba muda wa kushtaki umekwisha pita, na faranga milioni 7.7 zikafunguliwa kwa warithi wake. Mmoja wa wana wake alikuwa wakati huo Naibu Waziri Mkuu huko Kinshasa. Cicero alitumia siku 50.

Waswisi wenyewe waliona aibu. Wakatunga sheria mpya ya kurudisha mali za namna hii hata pale ambapo nchi iliyoibiwa imeshindwa kuendesha kesi, nayo ikaanza kutumika mwezi wa Februari 2011. Watu waliiita kwa jina la Duvalier wa Haiti, ambaye fedha zake zilikuwa bado zimefungwa. Za Mobutu zilikuwa zimekwisha ondoka.