Profesa wa viwanda na jiwe la Katanga

Jina la Profesa Wickham Skinner halijulikani Katuba wala Kamalondo. Hata hivyo, kazi yake ya kwanza ilikaribiana na jiwe la Katanga. Alipomaliza uhandisi katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, mwaka wa 1944, jeshi lilimpeleka Los Alamos, mahali palipotengenezwa bomu la atomiki. Sehemu kubwa ya urani ya mradi ule ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi, wakati ule ikiitwa Jadotville.

Baada ya vita alisoma biashara Harvard, kisha akafanya kazi miaka kumi katika kampani ya Honeywell. Kwa hiyo alipoanza kufundisha Harvard, alikuwa amekijua kiwanda kwa kukifanyia kazi. Mwaka wa 1969 aliandika kwamba wakubwa wa kampani huwaachia mafundi mambo ya kiwanda, na humo ndimo kampani hupona au hufa. Mwaka wa 1974 akaongeza: kiwanda kimoja hakiwezi kufanya yote vizuri, kichague kazi yake.

Hapo mtu wa Lubumbashi angembishia. Gécamines ilichimba, ikayeyusha, ikalima, ikasomesha watoto, ikatibu wagonjwa, ikatoa posho ya unga. Kwa kipimo cha profesa, huo ni mzigo mno. Kwa familia za wafanyakazi, yalikuwa maisha yenyewe.

Lakini kuna makala yake ya mwaka wa 1986 ambayo ingefaa isomwe hapa kuliko zote. Alisema kubana gharama na kukamua jasho la wafanyakazi hakuokoi kiwanda. Nguvu yake, kama sehemu nne kati ya tano, hutoka kwenye mpango wa muda mrefu, mashine na njia za kazi. Mwaka huohuo Gécamines ilitoa karibu tani 476,000 za shaba. Kisha mgodi wa Kamoto ukaporomoka mwaka wa 1990, mashine zikachakaa, shaba ikapungua hadi kuwa kidogo sana. Mwaka wa 2003, kwa msaada wa Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliachishwa, ikaitwa "kuondoka kwa hiari". Wenyewe wanajua ilikuwa hiari ya namna gani.

Skinner alifariki Januari 2019, akiwa na miaka 94. Mwaka wa 2022 Congo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza vifaa vya betri. Vijana wa Lubumbashi, pamoja na wale waliokimbilia hapa na familia zao, wanauliza kazi hizo zitaanza lini. Kobalti nyingi bado inavuka Kasumbalesa kwa malori, kwenda kusafishwa China.