Jambo Lililo Hewani

Waingereza wana msemo mfupi juu ya jambo ambalo mwisho wake haujajulikana. Husema kuwa jambo hilo lingali juu hewani. Mfano wake ni kitu kilichorushwa: kimekwisha toka mkononi, lakini hakijafika chini, na hapana ajuaye kitaangukia upande gani. Msemo huu hufaa kwa safari, hukumu au shauri ambalo halijakatwa. Haufai kwa jambo lililokwisha pita, wala kwa mtu aliye kigeugeu.

Nimepata kuufundisha msemo huu Dadaab, katika Kaunti ya Garissa, na sijaona mahali pengine ulipoeleweka upesi kama huko. Mithali yetu yasema kuwa dalili ya mvua ni mawingu. Lakini tangu mwisho wa 2020 misimu mitano ilifuatana bila ya mvua ya kutosha, na mifugo mingi ikafa. Kisha vuli ya 2023 ikaleta gharika iliyokata barabara na kuingia kambini. Walioomba maji ya kunywa walipewa maji ya kuwahamisha.

Maisha ya wakimbizi nayo yako hewani. Kambi za kwanza, zilizoanzishwa 1991, zilikusudiwa watu 90,000 kwa muda tu. Leo wako wazazi waliozaliwa humo. Mei 2016 serikali ya Kenya ilitangaza kuwa itazifunga. Januari 2017 amri ya Rais wa Marekani ilisimamisha safari za wakimbizi, na baadhi ya waliokwisha fika Nairobi kungoja ndege wakarudishwa Dadaab. Februari 2017 Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha amri ya kufunga kambi. Mwaka wa 2021 azimio la kuzifunga likatangazwa tena. Muda uliowekwa ukapita, na kambi zikabaki.

Hapa nataka msomaji apambanue. Mvua haikurushwa na binadamu yeyote. Amri hurushwa na mkono wa mtu, na mkono huo waweza kuidaka. Msemo wa Kiingereza hukitaja kitu kilichorushwa, lakini haumtaji mrushaji. Hiyo ndiyo kasoro yake. Mtu ayachanganyaye mambo haya mawili huiita amri ya mwanadamu kudura, akanyamaza mahali panapotaka swali. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ya Kenya na Kituo cha Sheria hawakunyamaza: walikwenda mahakamani 2016, na jambo lililokuwa hewani likashuka chini kwa hukumu.

Basi, kijana, utakapoambiwa kuwa jambo fulani liko hewani, litazame vema kabla ya kuitikia. Kama ni mvua, chimba lambo, kisha ngoja kwa subira. Kama ni shauri la watu, uliza kwa adabu ni nani aliyelirusha, na ni lini atalidaka. Subira ni sifa njema kwa yule aliyekwisha uliza.