Pikipiki Mpya Kati ya Nyangwe na Kasongo



Tangu tulipoingiza pikipiki mpya katika nyumba yetu hapa Nyangwe, sipiti njia bila kuulizwa. “Papa, iko namna gani? Inakunywa esanse mingi? Inaweza kufika Kabambare?” Ndugu zetu walioko kwenye machimbo, kule Kalima na kule Salamabila, nao wanatuma maneno, maana wanaweka pesa kidogo kidogo ili siku moja wanunue ya kwao. Basi ni vizuri niwajibu wote mara moja. Lakini mjue kwamba imemaliza miezi miwili tu, na saa yake ya kilometa inasoma 1,340. Mimi si fundi. Ninasema kama mtu aliyetoa pesa yake.

Ni Boxer, ile ya injini ya 150, inayotengenezwa na kampuni ya Bajaj ya India. Sikuichagua kwa sura. Nilitembea Kindu siku mbili nikiuliza maduka na mafundi swali moja tu: ikivunjika, vipande vyake vinapatikana wapi? Kwa hii, kila fundi alinionyesha ukutani mnyororo, waya za freni, buji, vyote vimetundikwa kama samaki sokoni. Kulikuwa na ingine nzuri zaidi, kubwa, yenye kiti kama kitanda. Fundi mmoja akanicheka: “Hiyo, siku itakataa, utaiangalia tu.” Mambo ikaishia hapo.

Bei ilikuwa dola 1,600. Nusu yake ilitoka kwa mke wangu, mafuta ya mawese na mpunga wa miaka minne, mafuta aliyoyabeba yeye mwenyewe mpaka sokoni. Mlishike neno hilo, maana litarudi mbele kidogo.

Safari ya kwanza ilikuwa kuileta nyumbani. Ukiwa Kindu, mji wenyewe uko ng’ambo ya magharibi ya Lualaba, na njia ya Kasongo inaanzia ng’ambo ya pili, Alunguli. Tulivuka katika mtumbwi wa motere. Pikipiki ilisimama katikati, watu wawili wakiishika huku na huku, na mimi nikishika roho yangu. Kutoka Alunguli mpaka Kasongo ni zaidi ya kilometa 200. Nilizifanya kwa siku mbili, nikalala njiani mbele ya kufika Kipaka. Wenye haraka wanaifanya kwa siku moja, lakini pikipiki ilikuwa katika rodaji.

Hapa nisimame kidogo, juu vijana wengi wanacheka neno rodaji. Injini mpya ndani yake kuna vyuma ambavyo havijazoeana. Pistoni na nyumba yake vinasuguana, vinajilainisha, na unga mdogo wa chuma unaanguka ndani ya mafuta ya injini. Ukiipandisha mbio siku za kwanza, au ukiipakia magunia mawili mlimani, joto linakuwa kali na ule msuguano unakuwa wa kuumizana. Kwa hiyo unakwenda polepole, unabadilisha vitesi mara kwa mara, hukazi sana, na kila baada ya mwendo mrefu unaipumzisha. Kwenye kilometa 500 nilimwaga mafuta yale ya kwanza, injini ikiwa bado ya moto ili yatoke yote. Nikayaweka katika sahani nyeupe juani. Yalimetameta kama mchanga wa mto kule wanakosafisha dhahabu! Kijana wangu akasema tumepata karati. Mtu akikuambia kwamba kumwaga mafuta ambayo bado ni mapya ni kupoteza pesa, mwonyeshe sahani hiyo.

Jambo lingine la siku za kwanza: vyuma vinalegea. Tulipofika Nyangwe nilikaza tena skrubu kumi na mbili, na nyaya mbili za gurudumu la nyuma zilikuwa zinaimba. Mnyororo nao ulikuwa umenyoka. Sasa kila siku ya Posho tunaukagua, tunauosha kwa petroli ya taa, tunaupaka mafuta. Dakika ishirini tu, lakini fundi anapofanya anakuomba pesa ya mkate.

Na kuiendesha je? Katika njia kavu ni raha, sitaficha. Mtu aliyezoea kinga miaka ishirini, mlima aliokuwa akiusukuma huku jasho linamwingia machoni, sasa anaupanda akisalimia watu. Mgongo hauumi kama nilivyoogopa, springi za nyuma zinafanya kazi yake. Mikono ndiyo inayochoka. Kwenye mchanga usukani unataka kwenda kwake, nawe ukiushika kwa nguvu unaanguka. Sharti uuache ucheze kidogo, uangalie mbali, usipunguze mwendo kwa ghafla. Madaraja ya miti ni mengine. Mimi nashuka, ninatembea pembeni, injini ikinguruma kidogo, abiria wangu mbele akitazama wapi miti imeachana. Vijana wanapita juu wakiwa wamekaa. Shauri yao.

Esanse: nikiwa na mzigo inakunywa karibu lita tatu na nusu kwa kilometa mia. Kwetu hakuna stesheni, tunanunua kwa kadafi, wale wauzaji wa chupa kando ya njia. Ukinunua, inua chupa juani kwanza. Maji ni mazito kuliko esanse, yanakaa chini, utaona mstari. Kisha mimina kupitia kitambaa safi. Ikinuka kama taa, mrudishie mwenyewe kwa heshima, uende kwa mwingine.

Mnajua, Nyangwe tangu zamani ni mahali pa watu wa njia. Livingstone alifika hapa mwisho wa Machi 1871, akakaa mpaka Julai akitafuta mitumbwi ya kuvuka Lualaba, asiipate, mpaka akaona kwa macho yake mauaji ya sokoni ya tarehe 15 Julai, akarudi alikotoka. Misafara ya pembe na ya watumwa ilitoka hapa kwa miguu mpaka pwani. Mizigo ilikwenda juu ya vichwa na mabega ya watu, na wengi hawakurudi. Mimi ninapofunga bidoni mbili za mawese kwenye chuma cha nyuma, nafikiri mara moja moja juu ya shingo za wale watu. Na shingo ya mke wangu pia, haihitaji kwenda mbali mpaka 1871.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Pikipiki ilikuwa na wiki ya tatu, usiku, saa nne hivi, mlango ukagongwa. Alikuwa muuguzi wa kituo chetu cha afya pamoja na mama mmoja mtu mzima. Mkamwana wa yule mama alikuwa na uchungu wa kuzaa tangu siku mbili, mtoto hashuki. Muuguzi alikuwa ameandika karatasi ya kumpeleka hospitali ya Kasongo. Zamani wangeita vijana wanane na kipoyi. Wanane, wanapokezana wanne wanne, usiku kucha na mchana. Nyangwe mpaka Kasongo inapita kilometa 50. Ninyi wenyewe mnajua wangapi waliishia njiani.

Tulimweka msichana katikati, mama mkwe nyuma yake, wakajifunga kwa kikwembe kimoja. Kasko tuliyokuwa nayo tulimvika yeye. Sikupita vitesi ya pili sehemu kubwa ya njia. Kila uchungu ulipokuja alinipiga begani, nikasimama, nikazima, tukangoja katika giza tukisikia vyura, kisha “Twende, papa.” Penye mchanga nilishusha miguu yote miwili, kama mtu anayejifunza. Pikipiki si gari la wagonjwa, na muuguzi alilisema hilo mwenyewe: hakuna pa kulala, hakuna pa kutundika maji. Lakini tuliingia Kasongo mbele ya jogoo wa pili. Walimpasua asubuhi ile. Mtoto ni wa kiume, mama yake anatembea. Walinilipa kuku mmoja, na esanse ya kurudi nilijinunulia.

Tangu usiku huo pikipiki haikuwa tena yetu sawasawa. Mwenye kuumwa na nyoka, mzee wa tumbo, mtoto wa homa. Wengine, nisiwadanganye, walikuwa wanataka tu kufika soko la Kasongo bila nauli, wakajishika tumbo. Huwezi kupima ugonjwa mlangoni kwa taa ya simu. Na pesa ya tairi haitoki kwenye kuku.

Ndipo kijana wangu wa kwanza akaja na maneno yake. Ana miaka kumi na tisa. Alikuwa Salamabila mwaka mzima, katika mashimo, akarudi na kifua cha kukohoa na dola mia moja. Yeye anaendesha vizuri kuliko mimi, namna wanavyojifunza hatujui ni lini. Akakaa, akasema kwa adabu: “Papa, kule moto inakula. Niko na mtu, atatoa verseman ya franka elfu kumi na tano kila siku. Ao miye mwenyewe niendeshe. Hapa tunabeba wagonjwa ya bure.”

Hesabu yake ilikuwa sahihi, nilimwambia hivyo. Kwa siku ishirini na tano za mwezi ni karibu dola mia na thelathini. Mwaka mmoja na kidogo, bei ya pikipiki imerudi. Mdogo wake wa kike anaingia mwaka wa sita wa sekondari Kasongo, mwaka wa mtihani wa Serikali, na karo inangoja. Ninyi wazazi wa machimbo mnaijua hesabu hii kuliko mimi, msinione kama ninaihukumu. Lakini nimeona pikipiki zinazorudi kutoka kule baada ya mwaka: watu wanne na gunia, mnyororo umekula meno yote, chuma cha kiti kimechomelewa mara tatu. Na njia ile si ya kuchezea. Hata kampuni ya Banro, pamoja na walinzi wake na magari yake, ilisimamisha kazi Namoya mwaka 2019 juu ya ukosefu wa usalama.

Mke wangu alisikiliza yote akichagua mchele. Kisha akasema: “Moto, nitauzisha mafuta, ninunue ingine. Mutoto, banamuuzisha mu duka gani?”

Kijana akanyamaza. Halafu akauliza swali ambalo sikuwa nalo jibu tayari: “Sawa, mama. Na hapa miye nitakula nini?” Lilikuwa swali la haki. Tunawaambia vijana wasiende kwenye mashimo, na kisha tunawapa jembe na maneno.

Tulibishana siku nne. Haya ndiyo tuliyokubaliana, na nawaandikia si kwa kuwa ni dawa ya kila nyumba. Yeye ndiye anayeendesha njia ya Kasongo, mimi naendesha akichoka. Pesa ya abiria na mizigo inakatwa mara tatu: sehemu moja katika kopo la esanse na matengenezo, sehemu moja karo ya dada yake, sehemu moja yake mwenyewe, wala haulizwi anaifanyia nini. Mgonjwa mwenye karatasi ya muuguzi anapelekwa saa yoyote, naye analipa esanse peke yake. Akikosa, kopo linalipa. Asiye na karatasi anangoja asubuhi na nauli yake. Hili la karatasi limetuletea manung’uniko, na muuguzi amepata kazi ya kuandika.

Tulinunua pia kasko ya pili. Bei yake iliniuma. Lakini uchunguzi uliokusanywa toka nchi nyingi unaonyesha kwamba kasko inapunguza hatari ya kifo kwa 42 juu ya mia, na ya kuumia kichwa kwa 69. Abiria wanailalamikia, mama wanasema inaharibu misuko. Kijana amewawekea kitambaa cha kuvaa chini yake, na sasa wanaiomba wenyewe.

Mwezi wa kwanza wa mapatano, fungu lake lilikuwa dola thelathini na nane. Kule wangempa zaidi, na anajua, na marafiki wanamkumbusha kwa simu kila Posho. Mapatano ni mpaka Noeli, kisha tutakaa tena sisi watatu. Mvua kubwa bado. Kuna mahali mbele ya daraja la tatu ambapo mwaka jana lori lilikaa wiki mbili katika matope. Kijana amekwenda kupaangalia kwa miguu, amerudi akisema kuna njia ndogo kupitia mihogo ya mzee mmoja, na kwamba anatafuta namna ya kumwomba.