Safari ya Bilbao Ilianzia Mezani Kwetu

Umewahi kupokea barua ukaikunja haraka na kuitia mfukoni ili mkeo asiione? Mimi nimewahi. Ilikuwa Septemba mwaka 2024, na barua hiyo ilisema kwamba ombi letu la viza limekataliwa. Binti yetu, kifungua mimba, alikuwa akihitimu masomo yake mjini Bilbao, katika nchi ya Wabaski. Mamake ni fundi cherehani, na alikuwa amekwisha kujishonea kitenge cha kuvaa siku hiyo. Sherehe ikapita, kitenge kikabaki kabatini.

Kosa lilikuwa langu. Anayeomba viza hutakiwa kuonyesha taarifa ya benki ya miezi kadhaa, na akaunti ya mwalimu kama mimi ni nyembamba. Basi nikamwendea rafiki yangu, nikakopa shilingi 300,000, nikazitia benki kwa mpigo mmoja, juma moja tu kabla ya kupeleka karatasi. Nilijiona mjanja. Kumbe mtu aliyezoea kusoma taarifa hizo huona mara moja fedha zisizo na baba wala mama! Njia ya mwongo ni fupi, nayo ada ya viza hairudishwi.

Nilimrudishia rafiki yangu fedha zake siku iyo hiyo. Lakini mke wangu hakuwa na habari ya mkopo huo, na barua ilipoangukia mikononi mwake wakati wa kufua suruali yangu, hakupiga kelele. Alikaa kitako akasema, “Baba watoto, hukuwadanganya wale wa viza peke yao. Hata mimi ulinidanganya.” Maneno hayo yaliniuma kuliko hasara ya ada.

Jioni hiyo tulichukua daftari la hesabu la kitinda mimba wetu, tukaketi mezani, watoto wakiwapo. Nikaandika mshahara wangu, karo, kodi ya nyumba na deni la ushirika. Yeye akaandika mapato ya cherehani yake. Kitinda mimba akauliza, “Na sisi tutaenda?” Tukamwambia ukweli: fedha zinatosha watu wawili, tena kwa kujibana. Alinuna siku mbili, kisha yeye ndiye akawa mweka hazina wetu, akitukumbusha kila mwisho wa mwezi tupeleke akiba benki. Haba na haba, kwa miezi minane, kibaba kikajaa.

Nimeona nikueleze yale tuliyojifunza, wewe mzazi uliye na mtoto ng'ambo, au wewe mwanafunzi unayeota kusafiri kwa mfuko mwepesi.

Kwanza, ijue nchi unayokwenda. Wabaski wanaishi pale milima ya Pyrenees inapoishia baharini, kwenye Ghuba ya Biscay. Nchi yao ya jadi ina majimbo saba: manne yako Uhispania na matatu Ufaransa. Lugha yao, Euskara, haina undugu unaojulikana na lugha nyingine yoyote iliyo hai. Hili si jambo la kitabuni tu, kwani vibao vingi vimeandikwa kwa lugha mbili, na mji mmoja huwa na majina mawili. San Sebastián ndio huo huo Donostia, na Bilbao ni Bilbo. Asiyejua hilo anaweza kuachwa na basi lake akilitazama. Wengine huuliza pia habari za kundi la ETA, lililosikika sana redioni zamani. Kundi hilo lilitangaza kuacha vita mwaka 2011 na kujivunja mwaka 2018.

Pili, viza. Ile ya Schengen inakuruhusu kuingia Uhispania na Ufaransa pia, lakini ombi hupelekwa kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi. Ada imekuwa euro 90 kwa mtu mzima tangu Juni 2024, na nusu yake kwa mtoto wa miaka 6 hadi 11. Utahitaji bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Usilipie tikiti isiyorudishwa kabla ya viza kutoka; ithibati ya kuwekewa nafasi yatosha. Fauka ya hayo, acha akaunti yako ionekane ilivyo. Yetu ilionyesha shilingi chache zikiingia kila mwezi bila kukosa, pamoja na barua ya mwajiri wangu na leseni ya biashara ya mke wangu. Safari hii tulikubaliwa.

Tatu, majira. Julai na Agosti bei za vyumba hupanda, kwani ndio wakati wa likizo na wa sherehe kubwa, ile ya mafahali ya Pamplona mwezi Julai na ile ya Bilbao mwezi Agosti. Sisi tulikwenda Mei 2025. Chukua mwavuli, maana mvua ya huko ni ya rasharasha isiyotangaza ujio wake.

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi hadi Bilbao. Tulishukia Madrid, tukapanda basi la usiku la takriban saa tano. Kwa njia hiyo tuliepuka kulipia chumba usiku mmoja. Tukafanya Bilbao kituo chetu, kwa maana Donostia, ingawa ina ufuo mzuri ajabu wa La Concha, ni mji ghali. Huko tulikwenda asubuhi tukarudi jioni. Basi huchukua saa moja na robo hivi, ilhali treni ndogo ya Euskotren huchukua zaidi ya saa mbili na nusu ikipita vijijini. Mjini Bilbao tulinunua kadi ya nauli iitwayo Barik, na moja ilitutosha sote wawili.

Nne, tumbo. Tulikuwa tumejiwekea euro 45 kwa siku kwa chakula na nauli, na jioni ya kwanza tu tukavuka mpaka. Vilabu vya huko hupanga juu ya kaunta vipande vya mkate vilivyopambwa kwa samaki, mayai na pilipili, viitwavyo pintxos. Kimoja ni euro mbili, tatu au nne, na kwa kuwa ni kidogo, mkono haukomi! Kesho yake binti yetu akatufunza desturi ya wenyeji. Siku za kazi, kuanzia saa saba au saa nane mchana, mikahawa huuza mlo wa siku kwa bei moja: sahani mbili, mkate, kitamutamu na mara nyingi kinywaji. Tulilipa kama euro 15 kila mmoja, na usiku tukala mkate na matunda ya dukani.

Tano, mengi mazuri hayana kiingilio. Jumba la sanaa la Guggenheim, lililofunguliwa mwaka 1997, hutoza ada ndani, lakini mbwa mkubwa aliyefunikwa maua na buibui wa shaba wako nje, na kila mtu huwatazama bure. Lipo pia daraja la Vizcaya, la mwaka 1893, ambalo halina barabara ya magari. Chumba kinachoning'inia kwa nyaya hubeba watu na magari kuvuka mto. Mke wangu, mzaliwa wa Likoni, alilitazama akacheka: “Hii ni feri iliyokataa kulowa!” Kuvuka kwa miguu hakufiki hata euro moja.

Nawe mpenda kandanda, simama japo nje ya uwanja wa San Mamés. Timu ya Athletic huchezesha wachezaji waliozaliwa au kulelewa kimchezo katika nchi ya Wabaski tu. Ndugu wawili Iñaki na Nico Williams ni watoto wa wazazi Waghana waliovuka jangwa la Sahara kwa shida kubwa. Mwaka 2024 walitwaa pamoja na timu hiyo Kombe la Mfalme. Nilipokumbuka jinsi nilivyotaka kupita njia ya mkato, niliwaza mengi hapo.

Jumatatu yetu tulikwenda Gernika kwa treni, safari ya takriban saa moja. Siku ya Jumatatu kama hiyo, tarehe 26 Aprili 1937, ndege za Wajerumani na Waitaliano zilizokuwa zikimsaidia Franco ziliuteketeza mji huo. Umesimama hapo mwaloni, uzao wa ile ya kale ambayo watawala waliapa chini yake kuheshimu haki za wenyeji. Kuuona hakulipiwi.

Mke wangu alikuwa amevaa kile kitenge. Binti yetu, aliyekuwa katoga lake la kuhitimu amelikodi upya kwa siku moja, alilitoa mfukoni akalivaa pale bustanini, mamake akapiga vigelegele hadi wazee waliokuwa wakipumzika wakapiga makofi. Sherehe tuliyoikosa haikurudi, lakini picha tunayo.

Tulirudi Nairobi tukiwa na euro 38. Mweka hazina alizihesabu mara mbili, akaziandika kwenye daftari lake, kisha akafungua ukurasa mpya na kuandika juu yake: “Safari ya watu wanne.” Hatujui itakuwa lini, ila kila shilingi inayoingia humo sasa sote twaiona. Nawe msomaji, kabla hujatafuta tikiti ya bei nafuu, tafuta daftari, na uwaite wa nyumbani mwako waketi nawe.