Baba Yetu kwa nyuzi nne

Wiki hii tuweke kando mambo ya hifadhidata, tuongee muziki wa gemu na ukulele. Msijali, kompyuta itaingia tu.

Kwa asiyeijua, ukulele ni gita dogo la nyuzi nne. Lilizaliwa Hawaii baada ya wahamiaji wa Kireno kutoka Madeira kufika huko mwaka 1879 na magita yao madogo. (Sisi Mombasa Wareno walituachia Fort Jesus, waliyoanza kuijenga 1593. Wenzetu gita, sisi mizinga. Haya basi.)

Gemu za zamani haziisumbui sana ukulele. Mashine ya Nintendo iliyocheza Super Mario Bros. ya 1985 ilikuwa na njia tano tu za sauti: mbili za melodi, moja ambayo mara nyingi ilibeba besi, moja ya kelele kama ngoma, na moja ya sauti zilizorekodiwa. Nyuzi nne zinatosha kabisa.

Kazi iko kwenye Baba Yetu. Christopher Tin, Mmarekani, aliutunga kwa ajili ya gemu ya Civilization IV iliyotoka 2005, na maneno yake ni Sala ya Bwana kwa Kiswahili. Mwaka 2011 ukashinda Grammy, wa kwanza kushinda kati ya nyimbo zilizotungwa kwa gemu. Kwaya nzima, okestra nzima.

Mama mdogo, ambaye huuza vitunguu soko la Kongowea, aliusikia kwenye simu yangu. Akauliza, "Hiyo ni kwaya ya parokia gani?" Nikamwambia ni ya gemu ya kompyuta. Alicheka sana, halafu akanyamaza. "Basi mwanangu, utatupigia siku ya kumkumbuka baba yako mdogo."

Baba mdogo alifariki mwaka jana. Kwaya ilimjua kwa besi yake.

Sasa tazameni tatizo. Ukulele hufungwa G, C, E, A, na noti yake ya chini kabisa ni ile C ya katikati ya piano. Kwenye faili la MIDI hiyo ni namba 60. Nikaandika programu fupi ya Python isome faili na kutia alama kila noti iliyo chini ya 60, na ikatae kila kodi inayotaka vidole vivuke freti nne. Karibu sauti yote ya wanaume ikatiwa alama.

Dawa ya kawaida ni kuongeza 12, yaani noti ipande oktava moja. Kompyuta haina shida na hilo, sikio langu lina shida. Besi ikipanda inagongana na melodi, ni kama mzee kuongea kwa sauti ya mtoto. Ukifunga uzi mnene wa G ya chini unafika 55. Baba mdogo alikuwa akishuka hadi 40 na kitu hivi, bila jasho.

Basi besi nimeitoa kwenye ukulele yote. Lakini kwaya zetu nyingi husoma sol-fa, na sol-fa ni herufi tu: d r m f s l t. Kwa mwandishi wa programu hiyo ni zawadi, huhitaji kuchora mistari wala vichwa vya noti. Nikaongeza mistari kama ishirini, programu ikatoa besi kwenye karatasi moja, nikawapelekea wazee watatu waliokuwa wakisimama naye kwenye kwaya.

Kitu kimoja kompyuta haikunisaidia: mkazo. Kiswahili hukazia silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hiyo mkono wa kulia lazima ugonge hapo hata kama hakuna anayeimba maneno. Nimepitia wimbo wote nikiweka alama kwa penseli.

Jana usiku tulijaribu uani, boda zimepungua. Wazee walipoingia, ukulele haikusikika tena. Mama mdogo akasema waache hivyo hivyo. Mimi nimewaomba wapunguze kidogo. Ibada ni Jumapili saa nne.