Mchukuzi wa Mafuta

Mafuta na maji hayapatani. Mpishi yeyote wa Rufiji aliyeliacha tui likatike juu ya moto ameyaona mafuta yakielea peke yake, na hana haja ya kufundishwa jambo hilo. Walakini mwili wa binadamu umejaa maji, na moyo, ambao haupumziki usiku wala mchana, hupata sehemu kubwa ya nguvu zake kwa kuyachoma mafuta. Basi mafuta huvukaje maji yasiyopatana nayo hata yakafika katika mitokondria, ambayo ndiyo matanuri ya seli? Swali hili lilinishughulisha sana nilipokuwa mwanafunzi, kwa kuwa mimi ni mtu wa delta, nchi ambayo hakuna kivukacho bila ya chombo.

Jibu nalo ni chombo. Mwaka 1972 Robert Ockner na wenzake walieleza habari za protini ndogo iliyomo katika seli za utumbo, ini na moyo, ambayo hushikana na asidi za mafuta. Baadaye ilijulikana kuwa ni ukoo mzima wa protini. Ile ya moyo ina asidi amino zipatazo 130 tu, nayo imejikunja mfano wa kidau chenye kifuniko. Asidi ya mafuta huingia humo, ikasitirika na maji, ikachukuliwa. Ya ini hupakia abiria wawili kwa safari moja. Ya moyo hupakia mmoja.

Siku hizi mtafiti akiihitaji protini hii ya binadamu hana haja ya kuitafuta katika mwili wa mtu. Jeni yake hutiwa ndani ya bakteria, aghalabu wa aina ya Escherichia coli, nao huitengeneza kana kwamba ni mali yao. Ndio ufundi ulioleta insulini ya binadamu mwaka 1978. Kabla yake wenye kisukari walitegemea kongosho za ng'ombe na nguruwe, habari ambayo Mwislamu wa pwani haisikii bila kushtuka kidogo. Nilipata kukishika kichupa cha protini hii ya moyo. Unga uliomo haukutimia hata sehemu moja ya elfu ya gramu, na juu yake imeandikwa kuwa ni wa utafiti tu, si wa kutumiwa kwa binadamu. Kitu cha binadamu, kilichofanywa na kijidudu, kikakatazwa kwa binadamu! Lakini katazo ni la haki, maana kazi ya unga ule ni kuwa mizani: aundaye kipimo cha damu sharti awe na kiasi akijuacho kwa yakini, apate kulinganisha nacho asichokijua.

Na kipimo kipo. Moyo ukikosa damu, seli zake huharibika, na protini hii, kwa udogo wake, hutangulia kuvuja. Huonekana katika damu baada ya saa 1 hadi 3. Siku moja ikipita, figo zimekwisha kuiondoa.

Sasa na tuzipime saa hizo kwa maji ya Rufiji. Mjomba wangu alishikwa na maumivu ya kifua huko Salale, alfajiri, maji yakiwa yamekupwa. Katika vijito vya mikoko maji yakipwa, mashua hulala ubavu juu ya tope, wala hapana nguvu ya mtu iwezayo kuiondoa. Toka kupwa hata kujaa ni kama saa 6. Tulikaa naye ukingoni, mkaza mjomba akimpepea kwa upindo wa kanga, sote tukiyatazama maji. Yalipojaa tulivuka hadi Nyamisati, tena kwa gari mpaka Kibiti, tukafika jua limekuchwa.

Hospitali nyingi leo hutegemea zaidi troponini, protini nyingine ya moyo, ambayo hubaki katika damu siku kadhaa. Kwa mtu wa delta huyo ni shahidi mwema, kwani humngoja. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda haingoji. Saa 12 zikipita, faida yake ni haba. Ndiyo sababu nakipenda zaidi kipimo cha yule mchukuzi mdogo, kiwezacho kufanywa kwa tone la damu juu ya kijikaratasi. Kingalikuwako Salale tungalijua mapema, ijapokuwa kujua hakujazi maji.

Mjomba aliishi miaka miwili tena. Alirudi kuchonga mitumbwi, lakini pondo hakulishika; alimwachia mwanawe.